Filta ya dizeli inaziba kila mara? Jinsi ya kupata chanzo kwenye gari la zamani

Malalamiko yanafanana. Hilux au Hiace ya miaka mingi inakosa nguvu mlimani, fundi anafunga filta mpya, gari linakwenda vizuri wiki moja au mbili, kisha linarudi palepale. Inafungwa filta ya pili, ya tatu. Mwisho mwenye gari anaambiwa pampu imekufa, na bei anayotajiwa inamfanya afikirie kuliuza kama lilivyo.

Mwongozo huu ni wa dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika: Toyota za injini za 2L, 3L, 5L na 1HZ, pamoja na nyingine za mfumo huo. Mengi ya magari haya hayana pampu ya umeme ndani ya tanki. Pampu inayopeleka mafuta kwenye nozeli (zinazoyanyunyiza ndani ya injini) ndiyo hiyo hiyo inayoyavuta kutoka tankini kupitia filta. Chochote kinachobana njia upande wa kuvuta kinainyima pampu mafuta, na dizeli ndiyo inayoilainisha kwa ndani. Ukizoea kuendesha filta ikiwa imeziba, ile kauli ya "pampu imekufa" itakuja kuwa kweli.

Kosa linalorudiwa karibu kila gereji ni kuitupa filta ya zamani bila kuipasua. Kila kitu unachohitaji kujua kimo ndani yake.

## Vitu vya kuandaa

- Filta mpya mbili, za namba sahihi ya injini yako. Moja ni ya sasa, ya pili ni ya uchunguzi wa baadaye.
- Mpira mwangavu unaostahimili dizeli, karibu mita tatu, na klipu zake.
- Dumu safi la lita 10 au 20 lenye mfuniko, na dizeli safi kutoka kituo unachokiamini.
- Chupa mbili nyeupe za maji ya kunywa, zilizooshwa na kukauka kabisa.
- Sumaku, uifunge kwenye mfuko mwembamba wa nailoni ili uweze kuisafisha.
- Mkasi wa bati au patasi, wembe, na karatasi nyeupe au sahani nyeupe.
- Spana za kawaida, bisibisi, washa mpya za shaba za viungio vya mafuta, na oringi za filta.
- Jeki ya gereji, stendi za jeki, beseni pana, glavu, na tochi.
- Kizima moto cha poda.

Kalamu na daftari pia. Andika kilomita za siku unayofunga filta. Bila namba hiyo, "inaziba mapema" ni maneno tu.

## Usalama kwanza

Dizeli haiwaki kirahisi kama petroli, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Ikirushwa kama mvuke au ikimwagika kwenye ekzosi yenye moto, inawaka. Fanya kazi nje au mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa pale ambapo huhitaji kuwasha gari.

Usisafishe tanki kwa petroli. Mvuke wake unabaki ndani ya mikunjo kwa muda mrefu, na cheche moja inatosha. Na usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tanki kwa sababu "ni tupu". Tanki tupu ndilo la hatari zaidi, hata la dizeli, kwa kuwa joto la kuchomelea linageuza mabaki kuwa mvuke unaolipuka.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni kuziba

Gari linalokosa mafuta na gari linalovuta hewa hufanana mno, lakini tiba zake ni tofauti.

Filta au njia iliyoziba ina tabia hii: sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ni nzuri, gari linawaka vizuri asubuhi, lakini ukilibebesha mzigo au ukipanda mlima mrefu kama Kitonga linalegea, kana kwamba kuna mtu anakuondolea mguu kwenye pedeli. Ukisimama dakika chache, linapata nguvu kidogo, halafu linarudia.

Gari linalovuta hewa husumbua zaidi kuwaka, hasa baada ya kulala usiku. Linawaka, linazima, unalipampu kwa mkono, linawaka tena. Likishapata moto huenda siku nzima bila neno.

Ili kuwa na uhakika, weka kipande cha mpira mwangavu kati ya filta na pampu, washa gari, tazama. Viputo vinavyopita mfululizo ni hewa. Kaza klipu, badilisha mipira iliyokauka na oringi za kichwa cha filta, kisha jaribu tena. Safari za wengi zinaishia hapa, na filta haikuwa na kosa.

Kuna jaribio jingine la bure. Gari likilegea barabarani, egesha pahali salama na ufungue mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani na gari likapona papo hapo, tundu la kupumulia tanki limeziba. Vumbi, matope na viota vya wadudu hufanya kazi hiyo vizuri sana. Safisha mfuniko na mrija wa kupumulia kabla ya kugusa kingine.

Mwisho wa hatua hii, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta. Kwenye vichwa vingi vya Toyota, ikibaki chini bila kupanda, au ikipanda kwa kujivuta, kuna kizuizi kati yake na tanki. Ikiwa inapanda haraka na inakuwa ngumu baada ya mibonyezo kadhaa, upande wa tanki unapitisha mafuta, angalau kwa wakati huo.

Umefaulu ikiwa: huoni viputo, mfuniko unapumua, na bado gari linalegea likiwa na mzigo.

## Hatua ya 2: Jaribio la dumu, filta ya zamani ikiwa bado mahali pake

Usibadilishe filta bado. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo uchunguzi mwingi unapoharibika.

Ndani ya tanki, kwenye ncha ya mrija wa kuvuta, kuna wavu mdogo. Uchafu unaoelea tankini huvutwa ukashika kwenye wavu huo injini ikiwa inafanya kazi. Ukizima gari, mvuto unakwisha na uchafu unaanguka chini. Fundi anapofungua filta, gari limezimwa nusu saa au zaidi, wavu umejisafisha wenyewe. Linapowashwa likiwa na filta mpya, linakwenda kama jipya, na sifa zote zinakwenda kwa filta. Baada ya siku chache uchafu uleule unapanda tena wavuni. Unaweza kununua filta kumi namna hii bila hata moja kuwa imeziba.

Jaribio linakwenda hivi:

1. Toa mpira unaoleta mafuta kutoka tankini kwenye kichwa cha filta. Ziba ncha yake kwa boliti safi.
2. Unganisha mpira mwangavu kutoka kwenye dumu hadi pale ulipotoa. Ncha ya ndani ya dumu isiguse chini kabisa.
3. Toa mpira wa mafuta yanayorudi tankini na uuelekeze kwenye dumu hilohilo. Pampu hizi hurudisha mafuta mengi. Ukisahau hatua hii, dumu litakauka mapema na mafuta yake yatahamia tankini.
4. Weka dumu usawa wa tanki. Ukiliweka juu ya injini, mafuta yatateremka yenyewe, pampu itasaidiwa na jaribio litakudanganya.
5. Toa hewa kwa pampu ya mkono, washa.

Kwa pikapu, dumu linaweza kufungwa imara nyuma kwa kamba, mfuniko ukiwa umebana mipira, kisha ukaenda kwenye mlima uleule unaokushinda. Kwa Hiace au gari lolote la kufungwa, usiweke dumu ndani pamoja na watu. Fanya jaribio gari likiwa limesimama, resi ikiwa juu kwa dakika kadhaa, ukijua kwamba jibu lake ni dhaifu kuliko la mlimani.

Kusoma jibu:

- Gari limepona kwa dumu, filta ileile ya zamani. Filta haijaziba. Kizuizi kiko tankini, kwenye wavu, au kwenye paipu ya kutoka tankini. Nenda hatua ya 5, ingawa bado nakushauri upasue filta.
- Gari bado linalegea. Filta yenyewe imeziba, au kuna kizuizi baada yake. Endelea na hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Toa filta bila kuchafua ushahidi

Osha kichwa cha filta na sehemu inayokizunguka kabla ya kufungua. Vumbi la nje likidondokea ndani, utalisoma kama vumbi la tankini.

Chini ya filta nyingi kuna kikombe cha kutenga maji chenye kijibomba. Kabla ya kufungua filta, legeza kijibomba hicho na ukinge kinachotoka kwenye chupa nyeupe ya kwanza. Iandike "filta". Kisha fungua filta ikiwa wima na mimina kilichobaki kwenye sahani, usimwage chini.

Filta mpya, utakapofika kuifunga hatua ya 9, isijazwe kwa mafuta ya dumu kabla ya kufungwa, kama wengi wanavyopenda. Mafuta ukiyamimina kwenye tundu la katikati, yanakwenda moja kwa moja kwenye pampu bila kupita kwenye karatasi. Ifunge ikiwa kavu, utoe hewa kwa pampu ya mkono. Mkono utachoka, pampu itabaki salama.

## Hatua ya 4: Pasua filta, usome uchafu

Kata kopo la filta kwenye ukingo wa juu kwa mkasi wa bati au patasi. Msumeno wa chuma unafanya kazi pia, ila unamwaga unga unaong'aa ndani, na mtu asiyejua ataapa kwamba pampu inasagika.

Toa karatasi, ikate kwa wembe, ikunjue yote. Angalia upande wa nje na wa ndani. Kwangua kidogo, weka kwenye sahani nyeupe, sugua kwa vidole ukiwa na glavu, pitisha sumaku. Kila uchafu una tabia yake.

Magamba na unga wa kahawia au mweusi, mengine yanarukia sumaku. Hii ni kutu ya tanki. Magamba meusi hushika sumaku kwa nguvu, unga mwekundu laini hushika kidogo au haushiki kabisa. Kwa hiyo sumaku ikikataa, usikimbilie kusema si kutu. Tazama rangi, na uone kama inaacha doa la kahawia kwenye karatasi. Kutu maana yake kuna maji tankini, au yalikuwepo muda mrefu.

Ute unaoteleza, wa kahawia au mweusi, wenye harufu ya kuoza. Ni vijidudu: bakteria na kuvu wanaoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Wanakula dizeli lakini bila maji hawawezi kuishi. Ute huu ukiuvuta kwa kijiti unanyumbuka kama makamasi. Gari lililoegeshwa miezi kadhaa likiwa na tanki nusu ndilo makao yao, na pwani yenye joto na unyevu inawafaa sana. Mashua za Mombasa, Dar es Salaam na Unguja zinawafahamu.

Lami nyeusi, au chembe kama masimbi ya kahawa, bila harufu ya uozo. Ni dizeli iliyozeeka. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu na nozeli hurudi yakiwa na joto, yanazunguka tankini, na yakikaa muda mrefu yanatoa gundi. Shaba huharakisha jambo hilo, hivyo kama kuna mtu aliwahi kukuwekea paipu ya shaba mahali pa ile ya chuma, itafute.

Mchanga. Unakwaruza kati ya vidole, hauna uhusiano na sumaku. Unaingia kwa mfuniko usiobana, kwa mafuta ya madumu, au kwa faneli iliyolala sakafuni gereji. Gari la porini linaloongezewa mafuta kwa dumu kando ya barabara halihitaji uchunguzi mrefu.

Vipande laini vyeusi vinavyopaka vidole. Mpira unaoza kwa ndani. Mara nyingi ni mpira wa bei rahisi wa maji au hewa uliofungwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nje unaonekana mzima.

Nyuzi. Kitambaa kilichowahi kutumika kama mfuniko wa tanki, au matambara ya kufutia.

Magamba ya rangi au vipande vya silikoni. Tanki liliwahi kupakwa rangi ya ndani, au geji ya mafuta ilifungwa kwa silikoni ya bomba badala ya gasketi. Dizeli inazilegeza polepole.

Kitu cheupe chenye kuteleza kama sabuni. Ukikiona, uliza tanki limetoka wapi. Matanki ya kutengenezwa mtaani kwa bati lenye zinki hufanya hivi, kwa kuwa tindikali ndogo zilizomo kwenye dizeli hukutana na zinki na kuzaa sabuni inayoziba karatasi. Hakuna usafishaji utakaolimaliza. Tanki hilo linatoka.

Mara nyingi utapata viwili kwa pamoja, kutu na ute, kwa kuwa baba yao ni mmoja: maji.

Wapo watakaokuambia kila kitu ni mafuta ya taa yaliyochanganywa kituoni. Mafuta ya taa hayazibi filta. Ni mepesi, yanapita. Madhara yake ni kupunguza ulainishaji wa pampu, na hilo ni shauri jingine. Kama filta yako imejaa kutu, acha kumlaumu muuza mafuta kwa kosa la tanki lako.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuutaja uchafu kwa jina na kusema unatoka wapi.

## Hatua ya 5: Chukua sampuli ya chini ya tanki

Gari lilale usiku mzima kwenye ardhi tambarare, likiwa na mafuta kidogo. Asubuhi, bila kulitikisa wala kuliwasha, legeza boliti la chini ya tanki na ukinge nusu lita ya kwanza kwenye chupa ya pili. Iandike "tanki". Kama tanki halina boliti, vuta kwa mrija mwembamba kupitia tundu la geji hadi sakafuni kabisa.

Acha chupa zote mbili zitulie saa kadhaa mahali penye mwanga. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Ukiona utando wa rangi ya chai au weusi unaoelea hasa kwenye mstari huo, vijidudu wamejitambulisha wenyewe. Dizeli nzuri inakuwa angavu, unaweza kusoma gazeti kupitia chupa. Dizeli yenye ukungu ina maji yaliyosambaa.

Linganisha chupa ya tanki na chupa ya filta. Filta ikiwa na maji mengi na tanki halina, huenda maji yaliingia mara moja tu, kwa mafuta ya siku fulani. Yote mawili yakiwa na maji, tanki linayapokea kila mara: mfuniko unavuja mvua ikinyesha, mdomo wa tanki umepasuka, au gari linaegeshwa tanki likiwa karibu tupu na unyevu wa hewa unaganda ndani usiku.

## Hatua ya 6: Shusha tanki

Najua watu wanavyoikwepa kazi hii. Badala yake wanatoa mpira kwenye filta na kupuliza kompresa kuelekea tankini. Gari linapona siku hiyohiyo, kwa sababu uchafu umerudishwa ndani ya tanki, ukiwa umevunjwavunjwa vipande vidogo zaidi vitakavyopita wavuni na kuja kulala kwenye filta.

Kwanza punguza mafuta. Tanki lenye lita 40 lina uzito wa zaidi ya kilo 30 za mafuta peke yake, na linayumba. Weka gari kwenye stendi, fungua mpira wa kujazia, mipira ya kwenda na kurudi, mrija wa kupumulia, na waya wa geji. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, kisha simu iwe mbali. Tegemeza tanki kwa jeki na ubao, legeza mikanda, shusha taratibu.

Toa geji na mrija wa kuvuta. Angalia wavu. Ukiwa umefunikwa na utando au magamba, umekipata chanzo, na gharama yake ni asubuhi moja ya kazi. Ukiwa umepasuka au haupo kabisa, ndiyo sababu takataka kubwa zinafika kwenye filta. Wapo wanaoutoa makusudi ili "mafuta yapite". Rudisha mwingine.

Mulika ndani kwa tochi. Chunguza pembe, na nyuma ya zile kuta za kuzuia mafuta kuyumba, kwa maana tope hujificha huko. Pitisha kidole kwenye dari ya tanki pia. Kutu nyingi huanzia juu, mahali ambapo mafuta hayafiki na unyevu unaganda.

## Hatua ya 7: Safisha au badilisha

Amua kwa ukali wa uharibifu.

Tope na ute tu, chuma bado kizuri. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Kausha kwa hewa na jua hadi ndani kabisa. Kama ni vijidudu, tumia dawa maalumu ya kuua vijidudu vya dizeli, kwa kipimo cha kwenye chupa. Maduka ya vifaa vya boti huwa nayo. Dawa inaua, haiyeyushi. Maiti zao zitaendelea kufika kwenye filta kwa muda, kwa hiyo usishangae filta ya kwanza baada ya dawa ikijaa haraka.

Usimwage spiriti wala klorini tankini. Spiriti inachanganya maji na kuyapitisha hadi kwenye pampu. Klorini inakula chuma.

Kutu ya juu juu. Ingiza kipande cha mnyororo na maji ya sabuni, zungusha tanki pande zote. Mnyororo ni bora kuliko nati na kokoto, kwa sababu unatoka mzima na hakuna kitakachosahaulika ndani. Kisha tumia tindikali ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto, uiache saa kadhaa ukichungulia. Suuza, suuza tena kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua tindikali, maliza kwa maji safi. Kausha mara moja na upake dizeli kote ndani. Chuma kilichotoka kwenye tindikali kinashika kutu mbele ya macho yako ukikiacha na unyevu.

Ujue pia kwamba tindikali inaondoa na ule utando wa kinga wa kiwandani. Tanki lililosafishwa hivi linahitaji kutunzwa likiwa na mafuta mengi.

Magamba mazito, au matundu. Tafuta tanki jingine. Sipendi rangi za kupaka ndani ya tanki lililochoka. Zinashika vizuri kwenye chuma kisafi na kikavu, hali ambayo ni ngumu kuipata ndani ya tanki la zamani lenye kuta za katikati. Zikibanduka, unarudi kwenye magamba ya rangi ya hatua ya 4. Tanki la mtumba likiwa zuri ndani ni fedha iliyotumika vyema. Lichungulie kwa tochi kabla ya kulipa.

## Hatua ya 8: Paipu na nyavu zilizofichika

Tanki likiwa bado chini, ncha zote mbili za paipu zikiwa wazi, puliza hewa kutoka upande wa filta na ukinge kwa kitambaa cheupe nyuma. Puliza paipu ya kurudi pia. Paipu ya chuma iliyopondeka kwa jiwe inabana mafuta vilevile, ipitie kwa mkono kwa urefu wake wote.

Badilisha mipira yote ya mafuta, mifupi na mirefu. Ni rahisi kuliko kuichunguza mmoja mmoja.

Pampu nyingi za aina hii zina wavu mdogo sana kwenye kiungio cha kuingizia mafuta. Mafundi wengi hawaujui. Fungua kiungio, toa wavu, ukishika usidondoke, osha kwa dizeli safi. Ukikuta magamba hapo, maana yake filta fulani ilipitisha uchafu, au mtu alimimina mafuta machafu kwenye filta mpya.

## Hatua ya 9: Rudisha na utoe hewa

Funga tanki, mipira na klipu mpya, washa mpya za shaba. Jaza dizeli safi angalau robo tanki. Funga filta mpya na oringi yake iliyopakwa dizeli.

Pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu. Legeza boliti la kutolea hewa kwenye kichwa cha filta, kama lipo, hadi mafuta yatoke bila povu, kisha kaza. Likikataa kuwaka, usipige stata mfululizo. Sekunde 15, pumzika dakika moja, rudia.

Ukitaka, funga kijifilta cha plastiki chenye kuonyesha ndani, cha dizeli, kabla ya filta kubwa. Nakikubali kama shahidi wa mwezi wa kwanza: utaona uchafu unapoanza kuja bila kufungua kitu. Kukiacha milele kama tiba sikubali, kwa kuwa kinaongeza ubanaji upande wa kuvuta na plastiki inachakaa karibu na joto la injini.

Umefaulu ikiwa: gari linapanda mlima uleule na mzigo uleule bila kulegea, na pampu ya mkono inapanda haraka.

## Hatua ya 10: Filta ya pili ndiyo hukumu

Baada ya kilomita 1,000 hivi, toa filta uliyofunga hatua ya 9 hata kama gari halina dalili, na uipasue. Ile filta mpya iliyobaki ndiyo inaingia sasa.

Karatasi ikiwa na rangi sawasawa ya kijivu au kahawia hafifu, bila magamba wala ute, umemaliza. Rudi kwenye ratiba ya kitabu cha gari. Ikiwa na kutu kidogo kuliko ya mwanzo, ni mabaki, rudia uchunguzi kwa filta inayofuata. Ikiwa imejaa kama ya kwanza, kuna kitu kinaingia upya: mfuniko, madumu, au kituo unachojaza.

Katika miezi hiyo, fungua kijibomba cha maji chini ya filta kila wiki wakati wa mvua. Jaza tanki jioni badala ya asubuhi. Usijaze kituoni wakati lori linashusha mafuta, kwa sababu tope la chini ya matanki yao limevurugika. Ukipata maji kwenye mafuta uliyotoka kununua, hifadhi chupa ya sampuli na risiti, upeleke malalamiko kwa mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

## Kama gari lako ni la petroli

Mpango ni uleule, na tofauti mbili. Jaribio la dumu usilifanye kabisa. Na kama lina pampu ya umeme tankini, mafuta kwenye paipu yana presha hata gari likiwa limezimwa: toa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe, ndipo ufungue kiungio. Wavu unaoutafuta upo miguuni mwa pampu hiyo, kama soksi.

## Filta safi, gari bado zito

Ikiwa filta uliyopasua hatua ya 10 ni safi, hakuna viputo, tanki limeoshwa na gari bado linalegea, acha mfumo wa mafuta wa nyuma. Angalia filta ya hewa na mpira wake, kisha kebo ya pedeli ya mafuta kama inafika mwisho. Kisha breki zinazoshika, kwa kugusa kwa uangalifu joto la rimu baada ya safari fupi. Baada ya hapo ndipo zipelekwe nozeli kupimwa kwenye mashine, na pampu iwe ya mwisho kushushwa. Mwambie fundi wa pampu ulichokikuta kwenye ule wavu mdogo. Kama kulikuwa na magamba hapo, aifungue akijua anatafuta mikwaruzo.